Asali Iliyoganda

Bi Zuleha aliigeuza chupa kichwa chini, akainyanyua juu ili kila mwenye macho aione, akaitikisa mara tatu. Asali haikutoka. Ilikuwa imejikalia kwenye kitako cha chupa, nzito, rangi ya samli, wala haikuwa na haraka ya kwenda popote.

"Jamani, nisaidieni macho," alisema. "Mimi nimekula chumvi nyingi, labda sioni vizuri. Hii ni asali, au nimeuziwa sukari iliyokorogwa?"

Soko la Ujiji likatulia kidogo, ule utulivu wa watu wanaotega sikio huku wakijifanya wanapanga nyanya. Saumu, mwenye meza ya asali kati ya muuza mawese na muuza dagaa wakavu, alikuwa ameshatoa shikamoo yake kwa uchangamfu kabla hajaiona chupa. Shikamoo ile haikujibiwa.

Angekuwa mtu mwingine, afadhali. Lakini Bi Zuleha ndiye mpishi wa shughuli Ujiji nzima. Hakuna harusi, maulidi wala arobaini iliyopita bila sufuria zake. Akisema wali umeungua, basi umeungua, hata kama umeiva vizuri na wageni wanaongeza sahani.

"Bi Zuleha, asali mbichi huganda," Saumu alisema, akijitahidi sauti isipande. "Hii haijachemshwa. Imekamuliwa kwenye masega kwa mkono, ikachujwa mara moja tu. Ina chavua yake ndani, ule unga wa maua wanaoubeba nyuki miguuni. Kipupwe hiki cha Julai kikiipiga, inaganda. Ukiiweka juani itarudi kama ilivyokuwa."

"Nimeanza kula asali mama yako hajazaliwa. Samli inaganda, sawa. Mawese yanaganda, sawa. Asali inaganda?" Bi Zuleha aliwageukia wanawake kama anayetafuta mashahidi, na mashahidi hawakukosekana. "Nimemnunulia binti yangu aliyejifungua juzi, atie kwenye uji. Kijiko kimesimama wima. Sasa mzazi nimlishe nini, zege?"

Mtu alicheka upande wa mchicha. Saumu alihisi masikio yanawaka, na hapo ndipo alipofanya kosa. Alinyoosha mkono mbele ya meza, akachukua chupa nyingine, ile aliyokuwa akiisifia wiki mbili nzima, angavu, ikimeremeta kama chai ya rangi.

"Na hii je? Hii nayo ni zege?"

Bi Zuleha aliipokea, akaipindua. Asali ikateremka taratibu, nzuri, inavutia.

"Hii ndiyo asali," alisema. "Hii ninazo chupa tatu nyumbani, sina ugomvi nazo. Umeitoa wapi?"

"Kidahwe, kama ile. Mizinga ile ile. Mrinaji ni mume wangu mwenyewe."

"Mizinga ile ile," Bi Zuleha alirudia polepole. "Mrinaji yule yule. Basi niambie, mwanangu, kwa nini moja inatembea na nyingine imegoma?"

Swali hilo Saumu alilijua. Ukweli ni kwamba alishawahi kujiuliza, akajijibu kuwa pengine ni maua tofauti, akaendelea na biashara. Sasa swali lile lile limesimama sokoni na kanga zake mbili, linasubiri.

"Amechakachua," sauti ilisema nyuma. Halikuwa neno la kelele, lakini lilifika kila meza.

Aliyemwokoa, au tuseme aliyemtia matatani zaidi, ni Mwalimu Anatoli. Alikuwa mwalimu wa biolojia wa sekondari, mrefu, mpole, mtu wa Kasulu, mteja wake wa kila Jumatano. Alikuwa amesimama na dagaa zake kwenye karatasi.

"Jambo hili halihitaji matusi," alisema. "Shuleni tuna hadubini, kile chombo cha kukuza vitu visivyoonekana kwa macho. Asali ya nyuki lazima iwe na chavua. Sukari haina. Tukiweka tone moja pale, tutajua."

Watu wengine wangesema ahsante Mwalimu, tutafikiria. Saumu hakuumbwa hivyo. Mdomo wake ulikuwa na tabia ya kutangulia, na yeye kuufuata mbio.

"Jumamosi," alisema. "Saa nne asubuhi. Anayetaka aje, asiyetaka atasimuliwa. Msipoona maua ndani ya asali yangu, meza hii mtaikuta inauza kuni. Sitauza tena kitu cha kuliwa Ujiji hii mpaka naingia kaburini."

"Tumesikia," alisema Bi Zuleha. Akaiacha chupa iliyoganda juu ya meza, akaondoka na vikapu vyake.

Saumu alifika nyumbani Kasingirima akitembea mwendo wa mtu aliyeshinda kesi, ingawa kesi yenyewe ilikuwa haijasikilizwa. Sefu, mumewe, alikuwa ameketi uani anashona nyavu ambazo hazikuwa na pa kwenda. Ziwa lilikuwa limefungwa tangu katikati ya Mei ili samaki wazaliane, na wavuvi wote wa dagaa walikuwa nyumbani wakitazamana na wake zao. Wengine walikwenda kulima, wengine waligeuka mafundi wa kila kitu. Sefu alishika mizinga kumi aliyokuwa ameitundika kwa rafiki yake Nikodemu kule Kidahwe, na Saumu alikuwa amejisifu kwa majirani kwamba mume wake amehama kutoka majini hadi juu ya miti bila kulowa.

Alimsimulia yote akiwa bado amesimama, mpaka sauti ya Bi Zuleha akaiigiza. Sefu hakucheka.

"Hadubini ya nini, Mama Yusra?" alisema. "Watu wanasema leo, kesho wamesahau."

"Bi Zuleha asahau? Yule anakumbuka nani alikosa kumwalika kwenye akika mwaka elfu mbili na tatu."

Akafungua ile chupa iliyorudishwa, akachota kwa kidole, akala. Lo, asali ile. Kwanza ulimi unakutana na utamu wa kawaida, kisha vipunje vinaanza kuyeyuka kimoja kimoja, na kila kipunje kina habari yake: hiki kina uchachu kidogo, hiki kina harufu ya gome la mti lililopigwa jua, hiki kinawasha koo kwa mbali. Ukimeza, kifua kinapata joto. Hakuna kiwanda kinachojua kutengeneza kitu cha namna ile. Saumu aliipenda asali hii kwa moyo wake wote, kuliko alivyowahi kupenda dagaa, na alikuwa ameuza dagaa miaka kumi na tisa.

"Onja," alimwambia mumewe. "Onja, kisha uniambie niogope hadubini."

Sefu alionja ili yaishe. "Basi peleka hiyo iliyoganda tu. Ndiyo inayolalamikiwa."

"Napeleka zote mbili. Na sega bichi nitakwenda kulichukua kwa Nikodemu kesho, niwaonyeshe asali tangu nyumbani kwake."

Sindano ya nyavu ilimchoma Sefu kidoleni. Alikinyonya kile kidole kwa muda mrefu kuliko jeraha lilivyostahili.

"Kidahwe mbali," alisema.

"Mbali tangu lini? Wewe si umekwenda mwezi uliopita?"

Sefu aliinamia nyavu zake tena. Saumu alidhani ni ile aibu ya kiume, mwanamume kutopenda jina lake litajwe sokoni. Alimpapasa bega, akaingia ndani kutafuta viatu.

Nikodemu alimpokea kwa furaha, yeye na mkewe Regina, wakampa mihogo na maharage kabla hata hajaeleza shida. Alipoeleza, Nikodemu alipiga paja.

"Umekuja vizuri, shemeji. Hao wa Ujiji wanataka ubuki, yaani asali, unaotiririka kama maji ya bomba. Ubuki wa kweli ukifika baridi unalala. Jua likizama twende, ukaone mwenyewe unatoka wapi."

Wakaenda jua lilipozama. Saumu alikuwa amevalishwa gauni la kinga lililoshonwa kwa magunia ya unga, kofia yenye wavu, na mikono akafungwa kwa kamba za mpira. Alijiona kama mtu anayekwenda vitani, na alipenda. Nikodemu alifunga kitambaa chekundu kwenye tochi yake mara mbili, mwanga ukawa hafifu.

"Nyuki nyekundu haioni," alisema. "Kwake hii ni giza tu."

Walipofika chini ya mti wa kwanza, Saumu aliusikia mzinga kabla ya kuuona. Ulikuwa mngurumo wa chini, kama wa watu wengi wanaonong'ona sala. Nikodemu alipanda, akapuliza moshi kidogo, akangoja, akapuliza tena. Alifanya kila kitu kama anayemvua mtoto nguo akiwa usingizini. Sega la kwanza lilishuka ndani ya ndoo, zito, limefunikwa nta nyeupe kote, na pembeni vyumba vimejaa unga wa njano, wa machungwa, hata wa zambarau.

"Chavua hiyo," Nikodemu alisema kutoka juu. "Chakula cha watoto wao. Wewe unakula kidogo, wao unawaachia kingi. Masega ya watoto huyagusi."

Nyuki mmoja aliingia chini ya wavu akamchoma Saumu shavuni. Aliuma meno, machozi yakamtoka, na bado alikuwa anacheka. Laiti Bi Zuleha angekuwapo. Laiti soko zima lingekuwa limesimama pale likisikia mngurumo ule, nani angetamka neno kuchakachua?

"Sasa mwingine," alisema.

"Basi inatosha. Imebaki minne tu, shemeji. Tuwaache wapumue."

"Minne? Si ni kumi?"

Nikodemu alishuka mti taratibu, akasimama. Hata chini ya wavu Saumu aliona uso wake unajutia.

"Sefu hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

Ikabidi aseme. Mwisho wa Juni yeye Nikodemu alikuwa msibani Kasulu. Sefu alikuja peke yake, kwa kuwa alikuwa ameshaona urinaji mara moja na alidhani amehitimu. Alikuja na taa yake ya dagaa, ile ya sola yenye mwanga mweupe, akaifunga kichwani. Ziwani taa ile huita samaki wakaja wote. Na nyuki nao waliitikia.

"Mizinga sita, shemeji. Walimfuata kwenye taa, usoni. Akakimbia, mmoja akauangusha, mingine kaiacha wazi. Na alikata kila kitu, hata masega ya watoto. Nyuki ukimkosea namna hiyo hakushtaki. Anahama. Nimerudi, nimekuta nyumba tupu, siafu wamepanga."

"Na asali?" Saumu aliuliza. "Alipata asali kiasi gani?"

"Lita tano, kama zilifika."

Nyumbani lilifika dumu la lita ishirini, limejaa mpaka kwenye kifuniko. Saumu alikumbuka pia kwamba siku ile Sefu alirudi uso umevimba, akasema ameanguka na baiskeli, na yeye alimkanda kwa maji ya chumvi.

Alilala kwa Regina, au tuseme alilaza mwili. Ijumaa asubuhi alikuwa Kasingirima, na Sefu alipomwona mlangoni na ndoo ya sega mkononi, aliweka sindano ya nyavu chini. Walikuwa wamekaa pamoja miaka ishirini na miwili. Yapo mambo ambayo hayahitaji utangulizi.

"Ulitia nini?" Saumu aliuliza.

"Shira."

"Shira ya visheti?"

"Ya mama." Marehemu mama yake Sefu alisomesha watoto sita kwa kuuza visheti, na shira yake ilijulikana mpaka Kigoma mjini. "Nilitia ndimu ili isigande. Mama alikuwa anasema bila ndimu shira inarudi kuwa sukari. Nikachanganya na ile asali kidogo niliyopata. Ilipendeza, Mama Yusra. Wewe mwenyewe ulisema inapendeza."

Hilo ndilo lililomuuma Saumu kuliko yote, kwa kuwa ni kweli. Ile ya kweli alikuwa ameificha chini ya meza kwa aibu ya kuganda kwake, na hii ya uongo akaipa nafasi ya mbele.

"Nimesimama sokoni nikaapia kaburi," alisema. "Kwa mdomo huu. Wewe umekaa hapo unanisikiliza unashona nyavu."

"Nilikuwa nangoja ziwa lifunguliwe. Nilisema likifunguliwa nitavua, nitarudisha kila kitu, hakuna atakayejua. Ningekwambiaje? Ulikuwa umeshawaambia watu nimehama kutoka majini hadi juu ya miti. Nilikuwa nasikia unavyonisifia hata kule msikitini. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti anamwambiaje mke kama huyo?"

Saumu alitaka kupiga kelele, akashindwa, kwa sababu alikiona kidole chake chenye tundu la sindano, na mashavu ambayo bado yalikuwa na alama. Alikasirika na kumhurumia kwa wakati mmoja, na hakuna kitu kinachochosha kama kubeba hayo mawili pamoja.

"Kesho utakuja?"

"Uso wangu nitauweka wapi?"

"Mimi wangu nimeshajua nitauweka wapi. Kwenye hadubini."

Lakini alijidanganya. Jumamosi asubuhi alipanga kapu lake: sega kwenye bakuli, chupa iliyoganda juu, chupa angavu chini kabisa, chini ya kanga. Alikuwa ameamua kuibeba. Kama ataitoa, hilo alikuwa bado hajaliamua.

Walikuja wanawake zaidi ya ishirini, wengine hawajawahi hata kununua asali. Maabara ya shule ilikuwa na meza ndefu za saruji na harufu ya spiriti. Mwalimu Anatoli alikuwa ameandaa vyombo tangu asubuhi; Saumu alipompa asali iliyoganda, ile ile ya Bi Zuleha, aliichota kidogo akaiyeyusha kwenye maji vuguvugu, akaiacha itulie, kisha akanyonya tone kutoka chini na kuliweka kwenye kipande cha kioo. Aliinama, akazungusha kishikio. Kisha akasogea pembeni.

"Bi Zuleha, karibu. Wewe ndiye mlalamikaji."

Bi Zuleha alivua miwani, akasogeza jicho. "Naona nyasi nyeusi."

"Hizo ni kope zako, mama. Rudi nyuma kidogo."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, kisha akaacha kucheka. Mabega yake yakatulia.

"Kuna sambusa humu," Bi Zuleha alisema.

"Ndiyo, za pembe tatu," Mwalimu alisema. "Na nyingine?"

"Nyingine mviringo. Hii ina miiba. Hii imefungwa kama kashata. Yarabi, ni nyingi, zimejaa, zinagongana." Aliinua uso, jicho moja limezungukwa na alama ya duara. "Hivi vyote nilikuwa nampa mwanangu kwenye uji?"

"Kila umbo ni aina yake ya ua. Nyuki hao wametembea msitu mzima. Na punje hizo ni moja ya sababu za kuganda kwake."

Baada ya hapo hakukuwa na foleni, palikuwa na vita. Kila mmoja alitaka kuona sambusa. Muuza mawese alitazama mara tatu, akafukuzwa. Mmoja alisema ameona ua la mninga kwa hakika, mwenzake akamwambia ameona kope zake. Saumu alikata vipande vya sega akawagawia kwa kisu, nta na chavua na kila kitu, wakatafuna huku wakitazamana kwa mshangao wa watoto, asali ikiwateremka mpaka kwenye vifundo vya mikono. Moyo wake ulikuwa umepaa. Alikuwa anaongea na watu sita kwa mpigo, akieleza moshi, akieleza kitambaa chekundu, akionyesha shavu lake lililochomwa kama mtu anayeonyesha cheti.

Bi Zuleha alipiga meza kwa kiganja. "Nisikilizeni. Nilimkosea Saumu mbele za watu, na mbele za watu nasema nimemkosea. Hii ni asali. Hata ikisimama na kijiko chake, ni asali."

Kigelegele kikapigwa. Mwalimu Anatoli alianza kufunika hadubini yake. Wanawake wakaanza kukusanya kanga na mikoba, wakiulizana nani anakwenda njia ya wapi. Ilikuwa imekwisha, na ilikuwa imekwisha vizuri kuliko Saumu alivyothubutu kuomba. Hakuna aliyeulizia chupa ya pili. Alichotakiwa kufanya ni kuinua kapu tu.

Aliliinua. Lilikuwa zito upande mmoja.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ikamshangaza yeye mwenyewe kwa udogo wake. "Usifunike. Bado moja."

Alitoa kanga, akatoa chupa angavu, akaiweka mezani. Mwalimu Anatoli alimtazama usoni, kisha akachota bila kuuliza. Maji vuguvugu, kungoja, tone, kioo. Kungoja kule kulikuwa kurefu mno. Wanawake walirudi mmoja mmoja kutoka mlangoni.

Bi Zuleha alitazama. "Sambusa moja," alisema. "Sogeza kidogo. Ya pili hii. Zile nyingine zimekwenda wapi?" Aliinuka, akachukua chupa, akamimina kidogo kiganjani, akaramba. Alikuwa mpishi wa miaka arobaini, na ulimi wake haukuhitaji chombo cha shule. "Ndimu," alisema taratibu. "Hii ni shira. Tena shira ya mkono unaojua kazi."

"Dumu zima liko hivyo," Saumu alisema. "Wiki mbili nimewauzia nikiisifia. Sikujua. Sasa ninajua, nanyi mjue."

"Nani aliitia?" muuza mawese aliuliza, kwa ukali.

Saumu alikuwa amepanga kusema sisi. Alikuwa amelirudia neno hilo njia nzima. Kabla hajalitoa, kivuli kilisogea dirishani, kisha mlangoni, na Sefu akaingia, kofia mkononi. Inaonekana alikuwa amesimama nje tangu kwenye sambusa.

"Mimi," alisema. "Mke wangu amejua jana. Nilikwenda kurina na taa ya dagaa, nyuki wakahama. Nikaona aibu kurudi na dumu tupu."

Mwanamke mmoja akashindwa kujizuia. "Taa ya dagaa, kwa nyuki?" Kicheko kikalipuka maabara nzima, kikali, kisicho na huruma, na Sefu alisimama katikati yake akikipokea chote, macho chini, bila kwenda popote. Saumu hakucheka. Alikwenda akasimama ubavuni mwake, si kwa sababu amemsamehe, hilo lingengoja, bali kwa sababu pale ndipo mahali pake.

Kelele ilipokuwa bado juu, Bi Zuleha alimsogelea, akaongea chini chini ili wengine wasisikie.

"Tulishaondoka, Saumu. Tulikuwa mlangoni."

"Niliwaona."

"Ungeliinua kapu lako tu."

"Najua, Bi Zuleha."

Bi Zuleha alitazama viganja vyake, kimoja kina asali, kingine kina shira, vyote vinang'aa sawasawa.

"Mimi ningeliinua," alisema.

Kisha akawageukia wenzake na ile sauti yake ya shughuli, inayosikika mpaka jikoni. "Haya, acheni kumcheka mtu mzima. Nani kati yetu amekuja hapa kuipima asali ya Saumu, na nyumbani kwake ana shira ya Sefu aliyokuwa anaila na kuisifu?" Mkono wake yeye ukanyooka wa kwanza, na kidogo kidogo mikono mingine ikapanda.